Alhamisi za Sista wa Redio

Sikuwahi kuwa na mke mwenza. Mume wangu, pamoja na kasoro zake zote, alitosheka na mimi mmoja, na kuna siku nilimwona kama amezidiwa. Kwa hiyo wivu nimeujua kwa mlango mwingine. Mtu niliyemwonea wivu kuliko watu wote alikuwa mwanamke mnene kiasi, mtu wa bara, aliyepanga chumba ubavuni mwa changu pale Malindi, na alichonichukulia hakikuwa mume. Alinichukulia mama.

Najua wapo watakaosema kwamba alinirudishia. Waseme. Hawakuwapo.

Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Wauguzi wote tuliwaita Sista, na kwa kuwa masista walikuwa wengi, huyu wetu tukamwongezea jina la kazi yake, akawa Sista wa Redio. Jina lake hasa nalijua lakini silitaji. Hata yeye ukimwita kwa jina hilo alikuwa hageuki.

Nianze na viatu. Alikuwa na viatu vyeupe vya kazi alivyovipaka chaki kila asubuhi mlangoni, ameinama, amewazibia njia watu wote waendao bombani. Ukimwambia, Sista, hebu tupishe, hakupisha mpaka amalize kiatu alichoshika. Hasira zake zilikuwa karibu. Aligombana na muuza maji, aligombana na jogoo wa mwenye nyumba, aligombana na wanangu kwa ule mpira wao wa matambara uliokuwa ukigonga ukuta wake. Lakini mtu huyohuyo, akiwa kazini, alikuwa na subira ya kumngoja mgonjwa amalize sentensi moja kwa muda ambao mimi ningeshafua nguo. Subira yake yote aliimaliza huko, sisi majirani tukaletewa makombo.

Kiswahili chake kilikuwa kikavu. Kigiriama chake kilikuwa kibaya zaidi, maana alikuwa amejifunzia hospitalini, na maneno aliyoyajua vyema yalikuwa ya kichwa, tumbo na kuharisha. Akikusalimu ulihisi unapimwa. Sisi wenye lugha yetu tulimcheka, na mimi nilimcheka kuwashinda wote, mpaka nilipokuja kugundua kwamba mamangu alikuwa akimwelewa.

Kazi yake ya redio ilikuwa hivi. Katika chumba kilichokuwa stoo ya machela paliwekwa redio koli: sanduku la chuma, betri kubwa kama ya lori chini ya meza, na kipaza sauti cha kushika mkononi chenye kitufe ubavuni. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia, na yote mawili kwa pamoja hayawezekani. Ukimaliza unasema "ova", mwenzio ajue zamu ni yake. Zahanati za mbali, Marafa, Magarini, hata Mnarani kule ng'ambo ya mkono wa bahari wa Kilifi, zilikuwa na sanduku kama hilo, na zote zilisikilizana. Asubuhi Sista aliagiziwa chanjo na kuitiwa gari la wagonjwa. Alhamisi, shughuli za serikali zikiisha, aliwaita watu wake.

Hao watu wake walikuwa wale ambao daktari aliwaona wana ugonjwa wa huzuni. Daktari wa wakati ule alikuwa mtu wa kusikiliza. Alimwandikia mtu vidonge, akamwambia arudi mwezi ujao, na mtu harudi, kwa sababu nauli haipo, shamba halina wa kulipalilia, na jirani ameshauliza, kwani unakwenda hospitali kila mara una nini? Sista ndiye aliyesema basi wasije. Waende kwa miguu mpaka zahanati iliyo karibu nao, yeye atawaita mmoja mmoja kwa redio.

Shida ilikuwa moja. Neno likisemwa Marafa, na Magarini wamelisikia. Nani atautoa moyo wake mbele ya zahanati zote hizo? Sista akajiwekea mwiko wa kutomuuliza mtu habari za moyo wake. "Muulize amepika nini," alikuwa akisema. "Moyo utakuja wenyewe ukinusa chakula." Kwa hiyo aliyesikiliza kutoka nje angedhani ni wanawake wawili kisimani. Umeamka wakati gani? Umekoga? Jana umepika nini? Nani alikula? Ova. Kisha aliachia kitufe akangoja, macho yake kwenye lile sanduku, na katika majibu hayo ya sufuria na kuni alijua nani amepika asile, na nani hakumbuki alichopika. Habari za huyo asiyekumbuka ndizo Sista alizokimbilia kumweleza daktari.

Mamangu aliugua mwaka wa mvua nzuri. Hapo ndipo tulipokosa pa kushika. Angekuwa amefiwa tungejua la kusema, au mahindi yangekuwa yamekauka. Lakini mahindi yalizaa, mbuzi walizaa, na mamangu akakaa ndani ya nyumba yake huko nje ya Marafa akautazama ukuta. Kaka yangu akasema ni pepo, ngoma ikapigwa. Shangazi aliyeokoka akasema ni shetani, akaja na watu wa kanisani. Mama alizihudhuria zote mbili kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua. Kisha akaacha kula, nami nikaenda kumchukua, nikamleta chumbani kwangu Malindi.

Nilimsemesha mchana kutwa. Nilikuwa mshonaji, cherehani yangu ilikuwa palepale mlangoni, na kila nikifika mwisho wa mshono nilimgeukia. Mama, nani amekuudhi? Mama, ni mimi mwanao, niambie. Jibu lake lilikuwa, "Sina neno." Baadaye hata hilo lilikatika, nikabaki nasema peke yangu na yeye anakonda mbele ya macho yangu. Niliogopa kwamba nitamrudisha kwao akiwa amefungwa sanda.

Jioni moja Sista akaja kushtaki habari za mpira. Alisimama mlangoni akamwona mama, na habari za mpira zikamtoka. Akaketi mkekani na vile viatu vyake vyeupe, asivue. Akamwamkia mama shikamoo, akangoja. Kisha akauliza, "Mama, leo umekoga?"

Nilihisi nimepigwa kofi, maana ilikuwa kama kuambiwa kwamba namwacha mzazi wangu na taka. Nikafungua mdomo nijibu, naye akanizuia kwa kiganja, bila kunitazama. Tulikaa hivyo kitambo. Mama akasema, "Sikukoga." Na baada ya kitambo kingine akaongeza, "Maji ni baridi."

Sista akaniagiza nikachemshe maji. Yaani nilifukuzwa chumbani mwangu mwenyewe nikawashe jiko, na kupitia ukutani nikawasikia wakisema. Neno moja moja, lakini wakisema. Moto wa jiko lile siusahau, kwa sababu nilikuwa nikipepea na huku nalia, na sikulia kwa furaha.

Kesho yake daktari akampima, akasema mwili hauna kitu lakini ugonjwa anao, na una dawa, ila dawa yake huchelewa kufanya kazi. Mama alimeza vidonge siku chache akataka kwao. Kwa hiyo naye akawa mtu wa Alhamisi. Alitembea asubuhi mpaka zahanati, na muuguzi wa Marafa akampa kiti mbele ya sanduku.

Mara ya kwanza nilikwenda chumba cha redio kutoa shukrani. Mara zilizofuata nilikwenda kusikiliza, na sikujificha. Nilisimama dirishani na kitambaa cha mteja begani, kazi zikinisubiri, nikisikia sauti ya mamangu ikitoka ndani ya mikwaruzo. Siku moja aliulizwa jana amepika nini, akajibu mchunga, ile mboga chungu ya porini.

"Mchunga mimi sijui, mama," Sista akasema. "Unapikwa namna gani? Ova."

Mama, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu mvua zile, akasema, "Weye huli mchunga? Sasa waishije? Ova."

Basi ikawa darasa. Alhamisi hii ni namna ya kuuchuma kabla jua halijakuwa kali, Alhamisi ijayo ni kuuchemsha na kuyamwaga maji ya kwanza, nyingine ni tui, na wakati wa kuacha kukoroga. Mama hakuweza kufundisha kwa kukisia, ilimbidi atoke akauchume, aupike, aone mkono wake unafanyaje. Sista naye kila wiki alikuja na kosa jipya. Leo chungu mno, leo umeshika chini. Watu walidhani anasingizia ili mgonjwa acheke. Mimi niliyepakana naye ukuta najua hakusingizia, nilinusa sufuria zikiungua.

Mpaka jioni moja akabisha kwangu na bakuli, akaniambia nionje. Nikaonja. Ulikuwa mchunga wa mamangu, kabisa, na ule uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi baada ya tui kupita. Mimi mama hakunifundisha. Niliolewa mjini mapema, mboga yangu ikawa mchicha wa sokoni, na nikirudi nyumbani nilikuwa mgeni wa kuandaliwa. Sasa mtu wa bara, asiyejua hata kuniamkia vizuri kwa lugha yangu, ameshika mkono wa mamangu akaniletea kwa bakuli.

Niliumaliza wote. Kisha nikafanya jambo ambalo kwetu hufanyi ila kwa mtu uliyemkusudia. Bakuli la jirani halirudi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata kipande cha muhogo. Mimi nikaliosha, nikalikausha kwa kanga, nikampelekea tupu, nikamkabidhi na huku namkazia macho. Naye akasema, "Asante, na umeliosha." Tusi langu likapotea bure, kwa kuwa kwao hawana ada hiyo.

Mwisho nilimwomba nami niseme na mama. Hakupinga. Alhamisi iliyofuata akanipisha kwenye kiti, akanipa kipaza sauti, akasogea dirishani ili nisimwone kama anasikiliza. Nikabonyeza. Nilikuwa nimepanga kusema maneno matatu ya heshima, lakini yakamwagika yote. Nimekukosea nini, mama? Mbona husemi na mimi, wasema na watu? Mimi ndiye niliyekubeba kwenye basi, mimi ndiye niliyekuchemshia maji. Niambie, mama, mimi si wako? Nikasema ova.

Nikangoja. Hakuna kitu, hata mikwaruzo. Nikangoja tena. Nikamgeukia Sista nikamwambia, "Umeona? Hanitaki."

Sista hakuutazama uso wangu. Aliutazama mkono wangu. Akasema taratibu, "Mama Sidi, achia kidole."

Kidole gumba changu kilikuwa bado kimekibana kitufe, kimegeuka cheupe kwa kubana. Nikaachia. Mikwaruzo ikarudi, na muuguzi wa Marafa akiuliza kama tumepata yote, maana mama amekwisha kusema na amechoka. Sista akashika kipaza sauti, akaeleza yaliyotokea, akamwomba mama arudie.

"N'shasema," mama akajibu. "Ova."

Magarini walisikia. Mnarani walisikia. Watu wasionijua, wenye foleni ya watoto wa chanjo mbele yao, walilisikia jibu la mamangu kwangu, isipokuwa mimi. Kilichonituliza kidogo ni kwamba Sista naye hakulisikia, kwa kuwa alikuwa chumba kimoja na mimi na kidole changu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa. Nikamsihi awaulize wenzake wa zahanati nyingine. Akakataa katakata. Maneno ya mgonjwa, alisema, hayaokotwi njiani. Na nilipokwenda nyumbani Pasaka nikamkuta mama yuko shambani, jembe mkononi, amerudi hata na ule ugomvi wake wa zamani na kaka. Nilimuuliza huwa wanasema nini na Sista zile Alhamisi nisizokuwapo. Akanitazama akacheka. "Mambo ya mchunga tu."

Sisemi kwamba Sista aliwaponya wote. Kulikuwa na mzee mmoja wa Magarini aliyekuwa akijibu vizuri, anapika, anakula, anataja hata chumvi. Alhamisi moja zamu yake ilipofika, sauti ya upande wa pili ikasema huyo wasimwite tena. Sista aliwamaliza waliobaki kwenye orodha yake, mmoja mmoja, sauti ileile. Kesho yake hakupaka viatu chaki. Tukapita mlangoni kwake kwenda bombani bila kuomba njia. Ukuta ulikuwa kimya, hapana sufuria, hapana kupayukia mpira. Siku ya tatu wivu wangu mwenyewe ulinichosha. Nikapakua wali na samaki katika bakuli, nikabisha. Sikujua la kumwambia mtu mwenye kazi yake, kwa hiyo nikamuuliza swali lake.

"Sista, leo umekula?"

Aliliangalia bakuli, akasema hapana. Akala akiwa amesimama, akamaliza, akaniambia wali wangu hauna chumvi. Bakuli langu alinirudishia baada ya wiki, lina ndimu mbili ndani. Sijui nani alikuwa amemfundisha.

Mwishoni mwa miaka hiyo alistaafu. Tulidhani atarudi kwao, lakini alisema bara kuna baridi, akapanga nyumba ndogo Mnarani. Mahali pake alikuja kijana aliyetumia redio kwa chanjo na gari la wagonjwa tu. Nilitarajia kuona raha kwa kuondoka kwake. Nilichokiona ni kwamba Alhamisi nilikuwa nasikiliza ukuta.

Nilikwenda kumtazama na binti yangu Sidi, wakati huo msichana wa sekondari, mrefu kunipita, mchache wa maneno. Nilimwambia tunakwenda kumjulia hali jirani wa zamani. Sikumwambia, na hata nafsi yangu sikuiambia vizuri, kwamba vitambaa vya wateja vilikuwa vimerundikana kwa miezi, kwamba nilikuwa nikikaa mbele ya cherehani mguu juu ya pedali bila kukanyaga. Nilijipa sababu nyingine: namfuata Sista anipe maneno ya mamangu ya zile Alhamisi nisizosikia. Ameyaweka miaka yote, sasa hana kazi wala mwiko, atanipa.

Tukavuka Kilifi kwa feri. Vile viatu vyeupe vilikuwa mlangoni, vimepakwa chaki, na mwenyewe alikuwa ndani amevaa kandambili. Alimtuma Sidi dukani kwa sukari, akamwambia asiharakishe. Mimi sikungoja hata chai.

"Sista, nimekuja nikuulize jambo moja. Mamangu alikuwa akikwambia nini?"

"Mama yako yuko hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi muulize yeye."

"Nikimuuliza hanijibu."

"Ukishamuuliza," Sista akasema, "huwa unaachia?"

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki ya kukasirika, nilikuwa nimelipa nauli. Lakini hasira haikupanda, ilikaa chini kama vitu vyangu vyote siku zile. Akakaa sawa kitini, na nikaijua ile namna ya kukaa kabla hajasema.

"Mama Sidi, jana umepika nini?"

"Sikupika. Amepika Sidi."

"Alipika nini?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nililiona jiko, niliona mgongo wa mwanangu ameinama, nikaona sahani ikiwekwa mbele yangu, na ndani ya sahani sikuona kitu. Sista hakunisaidia. Alingoja vilevile alivyokuwa akilingoja lile sanduku, na safari hii wa upande wa pili nilikuwa mimi.

Niliyomwambia siyaandiki hapa. Si mengi, wala si ya ajabu. Nilipomaliza aliniambia nimwone daktari Jumatatu, nisingoje, na kwamba Alhamisi yeye yuko pale, nije au nisije atakuwa ameketi. Kisha akaenda jikoni akanipakulia mchunga. Nikaula wote.

Sidi alikuwa kibarazani na sukari yake, sijui tangu saa ngapi. Tukashuka mpaka kwenye feri. Tulisimama pembeni, mimi nimeshika chuma cha ukingo, na watu na mabaiskeli yao wakitusukuma kwa nyuma.

"Mlikuwa mkizungumza nini muda wote ule?" akauliza.

"Mambo ya mboga tu," nikasema.

Aligeuza uso. Nilikuwa nimeshauona uso huo, niliuvaa miaka mingi nikiwa dirishani mwa chumba cha redio. "Kwake wasema," akasema. "Kwangu husemi."

Nilitaka kumweleza, nilitaka kumbembeleza, nilitaka kumuuliza ana nini, nani amemuudhi, kwani mimi si mamake. Nikakiona kidole gumba changu kimebana kile chuma mpaka kimekuwa cheupe. Nikakiachia. Nikanyamaza, nikamtazama yeye tu, nikangoja.

Feri ilifika katikati ya maji.

"Jana nilipika kunde, mama," Sidi akasema. "Hukula."